Daftari la Marehemu na Mfumo wa Kompyuta

Tumepokea barua kutoka Kondoa, nasi tumeona ni vyema kuijibu katika safu hii badala ya kuijibu faraghani, kwa kuwa jambo lililomo linazikabili familia nyingi zenye biashara, mjini na vijijini. Aliyetuandikia ni binti, na yote yanayoweza kumtambulisha tumeyaondoa. Baba yake alifariki mwaka jana, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaacha mjane, wana wawili wa kiume na binti huyu. Akaacha pia duka la vifaa vya ujenzi, ghala la kununulia mazao na mashine ya kukamua alizeti. Hesabu za mahali pote patatu zilikuwa katika daftari moja la jalada gumu, na zile ambazo hazikuwamo daftarini zilikuwa kichwani mwa marehemu.

Sasa kaka zake wamejiwa na muuzaji wa mfumo wa kompyuta, ambao wameelezwa kuwa utaunganisha duka, ghala na mashine mahali pamoja. Wanataka kutia saini haraka. Mama yao anasita, kwa kuwa anaona hakuna kompyuta itakayojua alichokijua mumewe. Binti anatuuliza mambo mawili: je, mfumo huu unawafaa? Na je, yeye ambaye hakai dukani ataliona fungu lake humo?

Tuanze kwa kukieleza kitu chenyewe. Mifumo ya aina hii hujulikana duniani kwa herufi tatu, ERP, na maana yake ni mfumo wa kusimamia rasilimali zote za biashara kwa pamoja. Kampuni ya SAP, ambayo ni miongoni mwa kubwa zaidi katika kazi hii, ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM. Jina la ERP lenyewe lilianza kutumika mwaka 1990. Wazo lake ni jepesi. Gunia la alizeti likipimwa ghalani huandikwa mara moja tu. Likitoka kwenda mashineni, ghala hupungua na mashine huongezeka. Likiwa mafuta na mashudu, mfumo hujua yamegharimu kiasi gani. Na yakiuzwa, fedha, deni na kodi vyote hujiandika kutokana na tukio hilo hilo moja. Hakuna mtu anayenakili tarakimu kutoka kitabu hiki kwenda kile, wala hapatikani mwanya wa vitabu viwili kusema mambo mawili.

Kwa hiyo si kila biashara inauhitaji. Mwenye duka moja, anayenunua na kuuza bila kubadilisha bidhaa, anatoshwa na daftari safi au programu ndogo ya mauzo na hesabu. Tunasema hivi kwa sababu tumeona watu wakinunua gari la tani kumi kubebea debe moja la mahindi. Lakini familia hii ina mahali patatu panapolishana: ghala linailisha mashine, fedha za duka zinanunua alizeti msimu unapofika, na mafuta yanarudi dukani kuuzwa. Ikiwa hakuna anayeweza kusema leo ni kipi kati ya hivyo vitatu kinachoingiza faida na kipi kinakula faida ya mwenzake, basi haja ya mfumo ipo. Wenyeji wa Kondoa wanayafahamu makorongo yaliyochimbwa na mvua mwaka hadi mwaka, hata ikabidi mwaka 1973 uanzishwe mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi. Udongo ule uliondoka kidogo kidogo, na mali isiyohesabiwa nayo huondoka hivyo hivyo.

Hata hivyo, haja ya mfumo si sababu ya kusaini mkataba wa kwanza unaoletwa mlangoni. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuanza na swali la programu ipi, ilhali la kutangulia ni tatizo lipi. Tunaishauri familia hii ikae kikao kimoja, mama akiwemo, na kuandika katika ukurasa mmoja maswali ambayo leo hawawezi kuyajibu. Nani anatudai, na nani tunamdai? Gunia moja la alizeti linatoa lita ngapi katika mashine yetu, na kwa nini wiki nyingine linatoa pungufu? Ni bidhaa gani dukani imelala zaidi ya miezi sita? Nani alipunguza bei, na kwa idhini ya nani? Ukurasa huo ndio mizani. Mfumo usiojibu maswali hayo haufai, hata kama una picha nzuri na vitufe mia.

Na watu wakubwa wamejikwaa katika jambo hili. Mwaka 1999 kampuni ya Hershey ya Marekani, inayotengeneza chokoleti, iliharakisha kufunga mifumo yake mipya ili kazi iliyohitaji miezi 48 imalizike kwa 30, kisha ikaiwasha karibu na msimu wake mkubwa wa mauzo. Chokoleti ilikuwepo ghalani, lakini oda zenye thamani ya takriban dola milioni 100 hazikuwafikia wateja. Kwa familia ya Kondoa funzo ni moja: mfumo usiwashwe wakati wa mavuno, magari yamepanga foleni ghalani na wakulima wanasubiri fedha zao. Uwashwe wakati wa utulivu.

Mfano wa pili ni wa maduka ya Lidl ya Ujerumani. Walianza mwaka 2011 kujenga mfumo mpya juu ya programu ya SAP, wakauacha mwaka 2018 baada ya gharama iliyotajwa kufikia takriban yuro milioni 500. Miongoni mwa sababu zilizoelezwa ni kwamba Lidl walizoea kuthamini bidhaa zao kwa bei ya kununulia, ilhali programu ile ilijengwa kuthamini kwa bei ya kuuzia. Hawakukubali kubadili desturi yao, wakalazimika kuibadili programu, na mabadiliko yakazaa mabadiliko. Pengine desturi ile ilikuwa na maana kwao. Lakini kila familia inapaswa kujua kabla ya kununua: ni desturi zipi tulizonazo ambazo hatuziachi, na ni zipi tulizonazo kwa mazoea tu?

Kwa mfanyabiashara Mwislamu suala hilo la thamani lina uzito wa pekee. Mhasibu huthamini bidhaa kwa gharama ya kununulia, au kwa chini ya hapo ikiwa zimeshuka thamani. Lakini zaka ya bidhaa za biashara, kwa kauli ya wanazuoni wengi, hutolewa kwa thamani ya soko siku ya kutimia mwaka, nayo ni asilimia mbili na nusu. Tena mwaka wenyewe ni wa mwandamo, ulio mfupi kuliko ule wa kalenda ya kawaida kwa takriban siku 11. Mashine ya kukamulia, rafu na gari la kazi haviingii katika hesabu hiyo. Bidhaa zilizopo kwa ajili ya kuuzwa ndizo zinazoingia. Hivyo muuzaji aulizwe waziwazi: je, mfumo wako unaweza kutupa orodha ya bidhaa zote kwa tarehe yoyote tutakayoitaka, ikiwa na bei ya kununulia na bei ya kuuzia pamoja? Akiweza, zaka itahesabiwa kwa asubuhi moja badala ya kukisiwa. Masuala yenye tofauti, kama madeni yasiyotarajiwa kulipwa, wamuulize sheikh wao wakiwa na orodha mkononi.

Jambo la pili ni riba. Baadhi ya mifumo ina kipengele cha kumwongezea mdaiwa riba anapochelewa kulipa. Kipengele hicho kizimwe tangu siku ya kwanza, na ahakikishe hivyo mtu wa familia kwa macho yake.

La tatu ni madeni yenyewe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni: kiasi, muda, mwandishi mwadilifu na mashahidi. Mfumo mzuri unalitumikia agizo hilo. Kila deni liwe na jina kamili la mdaiwa, tarehe, muda wa kulipa na jina la aliyeliandika, na anayelifuta au kulibadilisha aonekane kuwa ni yeye aliyefanya hivyo, na saa ngapi. Mfumo unaomruhusu yeyote kufuta deni bila kuacha alama ni mbaya kuliko daftari, maana penye daftari ukurasa uliochanwa huonekana.

Tuje katika aina za mifumo. Kuna ile inayouzwa kwa leseni, kama SAP Business One kwa kampuni za wastani, au TallyPrime ya India, inayotumiwa sana na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hasa kwa uhasibu na hesabu ya bidhaa. Kuna pia ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, kama ERPNext, iliyotoka India, na Odoo, iliyoanza Ubelgiji mwaka 2005, ambayo ina toleo la bure na toleo la kulipia. Watu husikia neno bure wakadhani kazi yote ni bure. Kilicho bure ni programu. Fundi wa kuifunga, kuirekebisha, kuwafundisha watu na kuitunza hulipwa. Faida ya msimbo wazi ni nyingine, nayo ni kwamba fundi wenu akiondoka, mwingine anaweza kuendelea alipoishia.

Kisha kuna swali la mahali data inapokaa. Mifumo mingi leo hukodishwa kupitia intaneti, na data hukaa katika seva za mbali. Hilo lina faida: kompyuta ikiungua au ikiibwa, hesabu haipotei. Lakini tukumbuke Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Duka haliwezi kufungwa kwa sababu waya umekatika baharini. Familia iulize: mtandao ukikatika, au umeme ukizimika, tutaendeleaje kuuza? Kuna mifumo inayoweza kuuza bila mtandao na kupeleka taarifa baadaye, na kuna isiyoweza. Wasikubali jibu la mdomo. Wachomoe waya wa intaneti mbele ya muuzaji, wajaribu kutoa risiti, waone.

Kuhusu serikali, mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na siku hizi risiti za kodi hutolewa pia kwa programu. Ikiwa mfumo mpya hauzungumzi na utaratibu wa risiti za TRA, mhudumu ataandika kila mauzo mara mbili, na siku ya tatu atachoka. Kwa aliyesajiliwa katika kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, mfumo utambue bidhaa inayotozwa na isiyotozwa. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa kila anayehifadhi majina na namba za simu za wateja wake. Orodha ya wadaiwa si mali ya kutembezwa na fundi katika simu yake.

Gharama nayo isitazamwe kwa bei ya kuanzia. Tuchukue mfano. Mfumo unaokodishwa kwa shilingi 60,000 kwa kila mtumiaji kwa mwezi huonekana mwepesi. Kwa watumiaji sita, ni shilingi 360,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitano, ni shilingi 21,600,000. Hapo hatujahesabu kufunga, mafunzo, kompyuta, betri za akiba, wala safari za fundi kutoka Dodoma, umbali wa takriban kilomita 160. Bei ikiwa kwa dola, waongeze na mashaka ya kubadilika kwa thamani ya shilingi. Waombe hesabu ya miaka mitano kwa maandishi kutoka kwa wauzaji wawili au watatu, ndipo walinganishe.

Na katika mkataba yawepo mambo mawili yasiyoachwa. Kwanza, data ni mali ya familia, na wakati wowote wanaweza kuichukua yote katika mfumo wa majedwali ya kawaida. Pili, ieleweke fundi atafika kwa muda gani mambo yakiharibika, na nini kitatokea asipofika. Muuzaji anayekwepa mawili haya amejieleza mwenyewe.

Kabla ya saini, wamjaribu kwa siku yao moja ya kweli. Wasitazame maonyesho yake yaliyoandaliwa kwa kampuni nyingine. Wampe karatasi: leo tumenunua magunia 40 ya alizeti kwa wakulima saba, wawili tumewalipa nusu, magunia 25 yamekwenda mashineni, yametoka madumu kadhaa ya mafuta na magunia kadhaa ya mashudu, madumu matatu yameuzwa kwa mkopo, mteja mmoja amerudisha mabati mawili yenye tundu. Kisha kijana wa kaunta aketi mbele ya kompyuta, muuzaji akae pembeni. Mfumo usiojua kwamba gunia, debe, kilo na lita ni vipimo vinavyogeuzana hautamaliza ukurasa huo. Na kijana akishindwa kabisa baada ya kuelekezwa mara mbili, kosa si la kijana.

Sasa turudi kwa mama, ambaye kusita kwake kumechukuliwa kuwa ni uzee. Binti ametuandikia kwamba katika daftari la marehemu kuna mistari kama Mama wa Kolo, gunia mbili, na Fundi wa Bicha, nondo nane. Hakuna jina la ukoo, hakuna namba ya simu. Mama anawajua wote. Basi yeye ndiye mwenye sehemu ya mfumo ambayo hakuna muuzaji anayeweza kuileta. Kabla kompyuta haijanunuliwa, mmoja wa watoto akae naye jioni kadhaa, ukurasa baada ya ukurasa, aandike jina kamili, kijiji na kiasi. Kisha kila mdaiwa afuatwe kwa upole, akiri deni lake au aeleze alivyolilipa, na yawepo maandishi na mashahidi. Madeni aliyodaiwa marehemu yaandikwe kwa bidii iyo hiyo, tena yatangulie. Mfumo ukijazwa makisio siku ya kwanza, utatoa makisio yenye sura ya ukweli miaka yote, na watu huamini zaidi kilichopigwa chapa.

Na hapa tunafika kwenye swali la pili la binti, ambalo kwetu ndilo zito. Dada yetu, mfumo hauwezi kukuonyesha fungu ambalo familia haijalitenga. Utaratibu unajulikana: gharama za mazishi, kisha madeni ya marehemu, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi. Ikiwa wazazi wa marehemu hawako hai na hakuna mrithi mwingine, mali ikigawanywa mafungu 40, mama anapata 5, kila kaka 14, na wewe 7. Muende kwa kadhi au kwa mwenye elimu ya mirathi awathibitishie, na mfuate taratibu za mahakama za kusimamia mirathi. Baada ya hapo ndipo muamue: mnagawana mali, au mnabaki washirika katika biashara moja? Mkibaki washirika, basi mtaji wa kila mmoja unajulikana, na mnaofanya kazi dukani mnakubaliana ujira wao mbali na faida. Hapo mfumo utakuwa na kitu cha kuandika. Jina lako litakuwamo, mtaji wako utakuwamo, na faida yako kila mwaka itaonekana. Omba nawe upewe neno lako la siri la kusoma ripoti, hata kama huna ruhusa ya kubadilisha chochote. Ruhusa ya kusoma haimnyang'anyi mtu kazi yake, inamwondolea dhana.

Kwa kaka zake tunasema kwa heshima: hatuwatuhumu. Kutaka mfumo mpya ni dalili ya kutaka kuendeleza alichokiacha mzee. Lakini kuuwasha kabla ya mirathi kuwekwa wazi ni kuchanganya mali yenu na ya mama na ya dada yenu ndani ya kompyuta, na kuja kuitenganisha baada ya miaka mitatu ya manunuzi na mauzo kutakuwa kugumu kuliko leo, na pengine ninyi wenyewe ndio mtakaodhaniwa vibaya. Uwazi wa sasa unawalinda ninyi kabla ya kumlinda yeye.

Basi jibu letu kwa ufupi ni hili. Mfumo mnauhitaji, lakini msisaini mwezi huu. Kaeni na mama na daftari. Hesabuni mali yote kwa mikono, duka, ghala na mashine, siku moja. Tengenezeni mirathi. Andikeni ukurasa wa maswali, wajaribuni wauzaji kwa siku yenu ya kweli, na anzeni na duka peke yake kwa miezi miwili mitatu huku daftari likiendelea kando. Vitabu viwili vikikubaliana kila jioni, ongezeni ghala, kisha mashine. Na daftari la marehemu msilitupe. Lifungeni kwa kitambaa safi mliweke, maana siku deni la zamani litakapobishaniwa, mwandiko wa baba yenu utakuwa na la kusema.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amsamehe marehemu, ambariki mjane wake, na awajaalie watoto wake kuzidiana katika kutendeana haki. Wabillahi tawfiq.